Propela ya hatua ndefu haiongezi mbio Kivu

Ufukweni Goma utaambiwa: ukitaka boti ikimbie, funga propela ya hatua ndefu. Hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, na hupimwa kwa inchi. Ila lazima injini iwe na nguvu ya kuizungusha. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mota ya kawaida ya petroli hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Ikikoroma bila kufikia mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, imelemewa. Ifungie propela ya hatua fupi zaidi: kila inchi unayopunguza hurudisha mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Kabla ya kununua, hesabu meno ya shafti, yaani mhimili unaoshika propela, yalingane na ya propela; nguvu za farasi kulingana hakutoshi. Na nati ifungwe kwa pini mpya, si msumari, tafadhali.