Choo kipo, watu wako shambani: mashimo mawili na usafi wa kijiji nchini India

Sensa ya India ya 2011 ilikuta kwamba kaya za vijijini zenye choo nyumbani hazifiki hata moja kati ya tatu. Tarehe 2 Oktoba 2014 serikali ilizindua Swachh Bharat Mission, mpango wa kitaifa wa usafi, na miaka mitano baadaye, katika kuadhimisha miaka 150 tangu kuzaliwa kwa Mahatma Gandhi, ikatangaza kuwa vyoo zaidi ya milioni 100 vimejengwa na kwamba vijiji vimeachana na kujisaidia nje. Kaya iliyostahili ilipata ruzuku ya rupia 12,000. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 19 ya kaya nchini bado hazitumii choo chochote. Na hizo ni kaya tu. Hata kwenye nyumba yenye choo wapo wanaotoka alfajiri na lota, kile chombo kidogo cha maji, kuelekea shambani.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kuwa hawana elimu ya afya. Jibu hilo ni jepesi mno. Uchunguzi wa 2014 katika majimbo matano ya kaskazini (Bihar, Haryana, Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh) ulionyesha kwamba katika zaidi ya asilimia 40 ya kaya zenye choo kizima, angalau mtu mmoja alikuwa anajisaidia nje. Choo wanacho. Wanachokiogopa ni siku ya shimo kujaa. Kwa desturi ya matabaka, kuzoa kinyesi ni kazi waliyobebeshwa Wadaliti, watu waliowekwa chini ya wote, na anayeigusa huhesabiwa najisi. Mwenye nyumba wa tabaka la juu hawezi kujishusha kutapisha choo chake mwenyewe. Wadaliti nao, na wana haki, wanazidi kuikataa kazi iliyowadhalilisha vizazi na vizazi, na sheria ya 2013 imepiga marufuku kumwajiri mtu azoe kinyesi kwa mikono. Basi mwenye nyumba anapiga hesabu: hili shimo dogo la serikali litajaa upesi, halafu nani atalitapisha? Anaamua choo kiwe cha wazee, wagonjwa, mabinti na usiku wa mvua. Au anakopa fedha na kuchimba shimo refu kama kisima, ambalo anatumaini halitajaa maishani mwake.

Kwa hiyo mtoa elimu anayeanza na vijidudu ameanza mbali na wasiwasi wa msikilizaji wake. Aanze na shimo.

Muundo unaopendekezwa kwa vijiji vingi vya India ni choo cha kumwaga maji chenye mashimo mawili, ambao ulienezwa sana na shirika la Sulabh lililoanzishwa na Bindeshwar Pathak mwaka 1970. Hesabu yake ni rahisi kuifanya mbele ya wanakijiji kwa kijiti na mchanga. Sehemu kubwa ya kinachoingia shimoni ni maji, na maji hayo hunywewa na udongo. Mabaki mazito ya mtu mmoja ni kama lita 45 kwa mwaka. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 1 na kina cha mita 1.2 kutoka usawa wa bomba huchukua lita 940 hivi. Familia ya watu watano huweka lita 225 kwa mwaka, kwa hiyo shimo hilo dogo huenda miaka minne. Likijaa, maji yanaelekezwa la pili, na la kwanza linaachwa limefunikwa. Hadi la pili lije lijae, la kwanza limekwisha kugeuka udongo.

Sinki lake nalo si la mjini. Lina mteremko mkali wa nyuzi 25 hadi 28, na maji yanayobaki kwenye mkunjo kuzuia harufu na nzi yana kina cha milimita 20 tu, kwa hiyo lita 1.5 hadi 2 zinatosha kusukuma kila kitu. Sinki la kawaida, ambalo maji ya kwenye mkunjo yana kina cha milimita 50, hutaka lita 10 hivi, na mama anayebeba maji kutoka pampu ya mkono hatazimwaga huko kila mtu anapotoka chooni. Watu wa pwani yetu wataelewa mara moja kwa nini choo hiki kimewafaa Wahindi: ni choo cha wanaochamba kwa maji. Pale wanapotumia magunzi au mawe, mkunjo utaziba mapema.

Makosa ya ujenzi yanajirudia kijiji hadi kijiji, na mengi hutokana na fundi kujenga anachokijua, yaani tangi la maji taka. Ukuta wa shimo lazima uwe na matundu ya takriban sentimita 5 kati ya tofali, mstari mmoja ukiachwa na matundu na unaofuata ukiwa mzima, hadi usawa wa bomba. Kwenye udongo wa kichanga matundu hupunguzwa hadi milimita 12 au 15 ili mchanga usimwagikie ndani. Juu ya bomba ukuta huzibwa kabisa. Chini huachwa udongo mtupu. Fundi akipiga lipu ukutani na kumwaga zege chini, shimo lililokusudiwa miaka minne hujaa maji ndani ya wiki chache, na hapo familia nzima inathibitisha ile hofu iliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Mashimo mawili yaachane angalau mita 1. Yakigusana, maji machafu ya shimo linalotumika hupenya hadi kwenye lile linalopumzika. Kati ya sinki na mashimo kuna chemba yenye njia mbili, na njia moja huzibwa kwa tofali na udongo, si kwa saruji, maana siku moja itafunguliwa. Hapa ndipo panapoharibika kuliko kwingine kote: njia zote mbili zinaachwa wazi, mashimo yanajaa pamoja, na faida yote ya kuwa na mawili imepotea. Bomba la kutolea hewa halihitajiki, kwa sababu gesi hutoka kupitia udongo. Maji ya kuogea na kufulia yasielekezwe shimoni, wala tindikali ya kusafishia isimwagwe kwa wingi, kwani huua bakteria wanaoozesha mabaki.

Umbali wa mita 10 kutoka pampu au kisima ndio salama kuuzingatia, na sakafu ya shimo ibaki mita 2 juu ya maji ya ardhini ya msimu wa masika, ambayo huko hunyesha Juni hadi Septemba. Kwenye tambarare za Bihar zinazofurika, mashimo huinuliwa juu ya ardhi na kuzungushiwa kifusi. Udongo ukiwa wa changarawe, sakafu huzibwa na mchanga laini wenye unene wa nusu mita huwekwa kuzunguka shimo ili uchuje.

Shirika la Afya Duniani linashauri mabaki yapumzike zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 35, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye baridi zaidi, kama vijiji vya Himalaya. Mayai ya minyoo ya matumbo ndiyo yanayochelewa kufa. Kilichoiva ni cheusi, kimekauka, hakinuki. Kikiwa bado na majimaji, funika usubiri. Februari 2017, katika kijiji cha Gangadevipalli, Telangana, katibu mkuu wa wizara iliyosimamia mpango wa Swachh Bharat vijijini, Parameswaran Iyer, aliingia mwenyewe shimoni akatoa mbolea mbele ya maofisa wa majimbo. Tendo hilo la dakika chache liligusa jambo ambalo mabango ya vijidudu hayaligusi: ofisa mkubwa ameshika kitu kile, na kimeonekana ni udongo.

Mikono ina habari yake. Katika vijiji vingi watu husugua mikono kwa udongo wakitoka kujisaidia, na udongo wa uani unaweza kuwa na kinyesi cha kuku, ng'ombe na watoto. Majivu ni bora kuliko udongo, sabuni ni bora kuliko vyote. Kibuyu chirizi chetu kingefaa huko bila kubadilishwa: kidumu chenye tundu, kamba, kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kilichotobolewa kikaning'inizwa hapo hapo mlangoni. Kikiwekwa jikoni tu, anayetoka chooni hupitiliza.

Kinyesi cha mtoto mchanga wengi hukiona hakina madhara, hutupwa mtaroni au jalalani. Kina madhara, tena watoto ndio wanaougua kuhara mara nyingi na kukisambaza. Kimwagwe chooni, na maji ya kumwoshea yafuate huko huko.

Baadhi ya vijiji viliunda kamati za kulinda mashamba alfajiri, na walinzi wakawapulizia filimbi waliochuchumaa. Aibu hujengesha choo haraka. Kukitumia ni suala jingine, na mzigo wa aibu huwaangukia wanawake na maskini kwanza.

Anayekagua asihesabu milango. Atazame sinki: likiwa kavu lenye utando wa buibui, au chumba kimejaa kuni na samadi iliyokaushwa, hakitumiki. Ndoo ya maji, ndala zilizolowa na sakafu iliyosafishwa ni dalili nzuri. Kisha amwulize yeyote aliyepo, hata bibi, ni shimo lipi linalotumika sasa na lilifunguliwa lini. Wasipojua, chemba ifunuliwe siku hiyo hiyo na waoneshwe lile tofali, kisha tarehe iandikwe kwa rangi ukutani.