Kutuma Video Kwenye Kundi la WhatsApp Si Kufundisha

Kila ninapowapa walimu wa Kisumu, Ahero na Muhoroni mafunzo ya kutumia mitandao darasani, hakosi mmoja wa kunihakikishia kwamba mada fulani ameshaimaliza kwa kuwa alituma video yake kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Imani hii ilishamiri kuanzia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na wengi wakabaki na njia hiyo tu. Shule zilifunguliwa, imani ikasalia.

Ukweli ni kwamba video iliyotumwa ni nyenzo tu, sawa na chati iliyobandikwa ukutani, na mwanafunzi hujifunza anapolazimika kukumbuka na kueleza. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wenzao waliokisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walitangulia. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka mengi zaidi. Hapo ndipo walimu wetu wanapopotoka: mwanafunzi aliyetazama video usiku huitikia vizuri asubuhi, mwalimu akaridhika, hadi mtihani wa mwisho wa muhula unapofichua kwamba hakuna kilichobaki.

Kwa hiyo nawasihi: msitume video bila swali. Anayefundisha kuhusu magugumaji ya Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, aisimamishe video kabla jibu halijatolewa, wanafunzi waandike kwa nini mbolea inayosombwa na Mto Nyando huyafanya yastawi, ndipo aendelee. Majibu ya kazi ya nyumbani yatumwe kwa mwalimu mwenyewe, si kundini, kwa maana jibu la kwanza likishaonekana waliosalia hulinakili. Na makataa yazingatie kwamba simu ni ya mzazi, ambaye pengine huondoka nayo alfajiri kwenda sokoni Kibuye akarejea jioni.

Wapo wanaodai kwamba shule isiyo na intaneti haiwezi lolote. Video ikipakuliwa mapema kwa bando la mwalimu, projekta moja hulitosha darasa zima. Wengine husema watoto wa siku hizi hawahitaji kufundishwa mitandao, ilhali kuizoea TikTok hakumfunzi mtoto kuuliza habari hii imeandikwa na nani, lini, na kwa ushahidi gani.

Kisheria, dhana ya hatari zaidi ni kwamba shule ina uhuru wa kuweka picha za wanafunzi Facebook ipendavyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Fomu ijazwe kabla ya picha kupigwa, itaje zitakakowekwa, na mzazi akikataa, picha ya mtoto wake isichapishwe.