Bidhaa bandia: kwa nini kuzipiga vita kunakuza uchumi

Bidhaa bandia ni ile inayojificha nyuma ya jina la nyingine. Mtu anatengeneza sabuni, beringi au dawa ya wadudu, kisha anaifungasha kwa nembo, rangi na maandishi ya mzalishaji mwingine bila idhini yake, ili mnunuzi aamini amepata kile anachokijua. Mitaani tunaiita feki.

Neno hilo hubebeshwa mizigo isiyo yake. Bidhaa duni ni ile isiyofikia kiwango, hata kama imetoka kwa mwenye nembo mwenyewe. Ya magendo imekwepa ushuru, lakini yaweza kuwa halisi kabisa. Na dawa ya jenereki, yenye kiambato kilekile na inayouzwa kwa bei nafuu bila kujifanya ya kampuni nyingine, si feki hata kidogo. Kuchanganya haya kunaumiza watu. Kenya ilipotunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, tafsiri ya neno "bandia" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzinasa dawa halali za jenereki. Watu wanaoishi na VVU walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vile vilitishia haki yao ya uhai, utu na afya.

Sasa uchumi unaingiaje hapa? Hoja inayosikika zaidi ni ya kodi: muuza feki hatoi risiti wala halipi chochote serikalini. Ni kweli, ila kwangu hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni imani.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hukubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimlipi, anajitoa sokoni. Wanabaki wenye mabovu, na bei inashuka tena. Feki inaleta hali hiyo kwa makusudi, kwa sababu inaiba ile alama iliyokuwa ikimsaidia mnunuzi kujua kipi ni kipi.

Chukua mbegu. Watafiti walionunua pembejeo madukani Uganda na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017 waliripoti kwamba mbolea ilipungukiwa asilimia 30 ya kirutubisho chake, na katika mbegu chotara za mahindi, zile halisi hazikufika nusu. Mkulima aliyeuziwa pakiti kama hiyo hagundui lolote siku ya kununua. Anapanda, anapalilia, anangoja mvua. Miezi inapita ndipo anavuna magunia machache, na hapo hajui alaumu mvua, udongo, wadudu au mbegu. Msimu unaofuata anarudi kwenye mbegu aliyojiwekea mwenyewe ghalani. Kwa upande wake ni uamuzi wa busara kabisa. Wakiufanya wakulima wengi, mavuno ya nchi nzima yanabaki palepale, na viwanda vinavyotegemea mazao hayo navyo vinakosa malighafi.

Hofu hiyo hubaki hata penye bidhaa nzuri. Utafiti mwingine, wa Morogoro nchini Tanzania, ulipima mbolea ya urea iliyokuwa ikiuzwa na kukuta karibu yote ina naitrojeni inayotakiwa. Wakulima wenyewe waliamini kwamba nyingi imechakachuliwa.

Upande wa mzalishaji wa ndani maumivu ni makali zaidi. Mfikirie aliyeanza na mtambo mmoja wa sabuni ya maji, akajenga jina kwa miaka. Siku moja mteja anamrudishia chupa kwa hasira. Lebo ni yake, lakini wino umevuja kidogo pembeni mwa herufi na gundi imeacha mapovu. Ndani mna maji yaliyotiwa rangi. Atamshawishi vipi mteja yule kwamba si yeye? Kampuni kubwa ina mawakili na hologramu, kile kibandiko king'aavyo kilicho kigumu kuigiza, yeye ana jina tu. Ndiyo maana siafiki dai kwamba kulinda nembo ni kuwalinda matajiri wa nje. Anayeanza akijua kwamba jina lake litaibwa mara tu litakapopendwa, hana sababu ya kuongeza ubora wala ya kuajiri watu zaidi.

Kwenye dawa, gharama inaingia mwilini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 kati ya 10 za matibabu ni duni au ghushi. Mgonjwa analipa mara mbili, anakosa siku za kazi, na kiambato kisichotosha huvipa vimelea nafasi ya kuzoea dawa.

Mapambano yenyewe huanzia bandarini, maana kuzuia kontena moja ni rahisi kuliko kuzisaka pakiti elfu kumi madukani. Mkataba wa TRIPS, yaani mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, ulioanza kutumika mwaka 1995, unataka mwenye nembo apewe njia ya kuiomba forodha izuie mzigo unaotiliwa shaka. Mnunuzi naye anaweza kupewa uwezo wa kukagua. Mfumo wa mPedigree, ulioanzia Ghana, humwezesha kukwangua kibandiko kwenye pakiti, kutuma msimbo kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama bidhaa ni halisi. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko picha za shehena ikichomwa moto, kwa kuwa linamrudishia mtu ujasiri wa kununua.

Lakini msimbo una tundu lake. Mkulima wa robo ekari hanunui mfuko wa kilo 50. Anapimiwa kwa kopo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, na kibandiko kinabaki dukani. Anaondoka na mbolea isiyo na jina. Pakiti ndogo za kilo moja au mbili, zilizofungwa kiwandani, zingempa na yeye kitu cha kukwangua.