Kwa nini pushapu zako hazikuhesabiwa

Kila msimu wa upimaji wa utimamu wa mwili, kitengo chetu hupokea malalamiko yanayofanana: mtu anaapa alipiga pushapu 40, karatasi yake inaonyesha 17. Tunayachukulia kwa uzito, na mara nyingi mlalamikaji hasemi uongo. Arobaini alizipiga. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya hizo ziliishia njiani.

Pushapu inayohesabiwa huanza mikono ikiwa imenyooka. Unashuka hadi sehemu ya mkono kati ya bega na kiwiko ilale sambamba na sakafu, kiwiko kikiwa kimekunja nyuzi 90 au zaidi, kisha unapanda hadi viwiko vinyooke tena. Muda wote huo kichwa, mgongo, nyonga na visigino vibaki kwenye mstari mmoja. Kuna vipimo vikali kuliko chetu: askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani siku hizi hutakiwa kulala kifua, nyonga na mapaja chini, na kunyanyua viganja kabla ya kusukuma tena. Kwa hiyo anayesema tunawaonea watu kwa nyuzi 90 aliangalie hilo kwanza.

Utaratibu wetu ni huu. Mpimaji hukaa ubavuni mwako, usawa wa bega, na kuhesabu kwa sauti. Pushapu ikikataliwa, hutasikia namba mpya. Atarudia namba iliyotangulia na kutaja sababu: "hujashuka", "viwiko", "kiuno". Kosa la kwanza ni onyo. La pili, pushapu hiyo haihesabiwi wala hupewi onyo jingine. La tatu, hesabu inasimamishwa na idadi iliyofikiwa ndiyo inayoandikwa. Kupumzika kunaruhusiwa ukiwa juu tu, mikono imenyooka. Goti au tumbo likigusa sakafu, zoezi limekwisha. Mwenye pingamizi alitoe kabla ya kutia saini karatasi ya matokeo. Pingamizi linaloletwa baada ya saini hatuna namna ya kulishughulikia, kwa sababu hakuna kinachobaki cha kukagua.

Kwa nini tunang'ang'ania mwendo kamili? Ukiwa juu, mikono hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili wako. Ukishuka, mzigo huo hukaribia robo tatu, na misuli ya kifua huwa imevutika na kufanya kazi ngumu zaidi. Hapo chini ndipo nguvu inapojengwa, na ndipo wengi wanapopakimbia. Juu nako kuna kazi yake: ukimalizia kwa kuisukuma sakafu mbali nawe, mifupa bapa ya mabega hutanuka na misuli ya ubavuni inayoishikilia hupata zoezi. Anayeishia katikati hukosa vyote viwili, kisha hushangaa kwamba miezi inapita na nguvu haiongezeki.

Wapo wanaotuambia kushuka sana huharibu mabega. Kwa bega lenye afya, kinachosumbua zaidi ni viwiko kutanuliwa pembeni hadi mwili uwe kama herufi T. Weka viganja kwa upana unaozidi mabega kidogo, na viwiko vielekee nyuma, nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni. Kushusha kichwa ili kidevu kitangulie hakuongezi kina chochote. Kifua kimebaki palepale, na mpimaji anakiona. Mwenye maumivu makali ya bega, au ganzi mkononi, aache zoezi na amwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuja kupimwa.

Upotofu mwingine umetuchosha: kwamba ukishindwa kushuka, suluhisho ni kupiga nusu nyingi. Sivyo. Punguza mzigo, usikate mwendo. Weka mikono juu ya meza imara au benchi, mwili ukiwa umenyooka, ushuke mpaka kifua kifike ukingoni. Ukimudu 12 safi, tafuta kitu kifupi zaidi, na uendelee hivyo mpaka ufike sakafuni. Kupiga kwa magoti pia kunafaa, kwani mzigo hupungua hadi karibu nusu ya uzito wa mwili ukiwa juu, na si zoezi la wanawake peke yao kama wengi wanavyodhani. Ila wengi wakipiga magoti huacha nyonga nyuma, ndiyo maana sisi hupendekeza benchi.

Wengine hututajia utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa kwa wazimamoto wanaume wa Marekani: ni kweli waliomudu zaidi ya pushapu 40 walipata matatizo machache ya moyo katika miaka 10 iliyofuata kuliko walioshindwa kufikisha 10. Lakini idadi ile ilikuwa kipimo cha utimamu wa watu wale, haikuwa dawa. Kufikisha 40 kwa kukata mwendo hakukuweki kwenye kundi lao.

Kabla ya siku ya kupimwa, jirekodi kwa simu iliyowekwa ubavuni mwako, kamera ikiwa usawa wa bega, na uhesabu zile tu zilizofika chini na kunyooka juu. Wanaoumwa vifundo vya mikono wanaweza kufanya mazoezi kwa vishikio au ngumi. Siku ya kipimo viganja hukaa sakafuni, isipokuwa kwa aliyewasilisha barua ya daktari kabla ya zoezi kuanza.