Ndoto, Jinamizi na Ugonjwa wa Akili: Maswali na Majibu

Swali: Nilizinduka alfajiri nikashindwa kuinua hata kidole, na nikaona kivuli cha mtu kimenikalia kifuani. Je, nimeanza kuugua akili?

Jibu: Hapana, tukio hilo peke yake si ugonjwa wa akili, ni jinamizi. Mtu anapoota, ubongo hulegeza karibu misuli yote ya mwili, isipokuwa hasa ile ya macho na ya kupumulia, ili asije akayatenda yale anayoyaota. Akizinduka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, anajikuta yu macho ilhali mwili umefungika, na mabaki ya ndoto yanaendelea kuonekana ndani ya chumba chake halisi. Kifua huhisi kubanwa kwa sababu hawezi kuvuta pumzi ndefu kwa hiari yake. Hali hiyo hukoma yenyewe baada ya sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi wanaokosa usingizi, wanaofanya kazi za zamu na wanaolala chali.

Swali: Kama ni jambo la mwilini tu, mbona watu wengi wa mahali pamoja husimulia kiumbe kilekile?

Jibu: Mwili huleta ganzi, woga na mbano, lakini jina na sura ya anayebana hutoka katika masimulizi ambayo mtu amekwisha kuyasikia. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, kiumbe kinachosimuliwa kuwavamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje makundi kwa makundi, na baadhi ya watafiti wameyahusisha masimulizi ya wakati ule na jinamizi. Hofu ile ilikuwa na mengi ndani yake, ukiwamo mvutano wa uchaguzi wa mwaka huohuo, kwa hiyo nisingependa kuifanya yote kuwa suala la usingizi. Hata hivyo, anayelala kwa wasiwasi na kushtukashtuka usiku kucha hujiongezea uwezekano wa kupatwa na jinamizi.

Swali: Ndoto inatofautianaje na maruweruwe ya mgonjwa wa akili?

Jibu: Ajabu ya kinachoonekana si kipimo, kwani ndoto ya mtu mzima wa afya inaweza kuwa ya ajabu kuliko maruweruwe yoyote. Tunapoota, sehemu ya mbele ya ubongo inayopima na kuhoji hupunguza kazi yake, ndiyo maana tunazungumza na babu aliyekwisha kuzikwa bila kushangaa. Tukiamka, tunajisahihisha. Kwa mgonjwa wa skizofrenia, ambayo ni aina ya ugonjwa mkali wa akili, sauti humjia mchana akiwa macho kabisa, na imani kwamba anafuatiliwa au kurogwa haitikisiki hata akionyeshwa ushahidi. Kubishana naye humchosha na kumfanya awashuku walio karibu naye. Kumwota marehemu wakati wa msiba, au kuipa ndoto uzito kwa mujibu wa dini yako, si dalili ya ugonjwa.

Swali: Dawa zinaweza kuleta ndoto kali?

Jibu: Ndiyo. Efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika matibabu ya VVU, inajulikana kwa jambo hilo, na vivyo hivyo meflokwini ya kukinga malaria. Mweleze daktari ili akubadilishie ikibidi, wala usiache dawa mwenyewe.

Swali: Ni lini niende hospitali?

Jibu: Nenda ukisikia sauti ukiwa macho, ukikesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, au ukianza kuwashuku watu wote wa nyumbani. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye homa aliyeanza ghafla kuweweseka pia apelekwe saa hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Dua na maombi yaendelee sambamba na matibabu. Kwa mengine, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika utapewa rufaa, kwenda hospitali ya magonjwa ya akili, kwa mfano Mirembe jijini Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja au Mathari jijini Nairobi.