"Nimeshaweka WITH, linahesabiwa mara moja tu": dhana potofu kuhusu ulizo la ndani

"Hilo ulizo haliwezi kuwa zito, nimeshaweka WITH, linahesabiwa mara moja tu." Nimeambiwa hivyo na vijana wa TEHAMA wa SACCOS, wa hospitali na wa maduka ya jumla, kila mmoja kwa uhakika ule ule, huku ripoti ya mwezi imekwama kwenye skrini. Safari hii naandika, ili nikiambiwa tena nitume haya.

WITH, kwenye SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), ni jina tu. Unalibandika jina ulizo la ndani (query iliyo ndani ya nyingine) ili ulitaje bila kulinakili. Kiwango cha SQL cha 1999, kilichoileta WITH, kinasema matokeo yawe yapi. Hakiiambii injini, yaani programu ya hifadhidata, isome jedwali mara ngapi. Hilo linategemea injini uliyonayo, tena na toleo lake.

SQL Server ndiyo inayowaumbua wengi. Ina WITH tangu toleo la 2005, lakini haikuwekei matokeo. Kila unapolitaja jina, ulizo zima linafunguliwa upya mahali pale. Litaje mara tatu, kisha fungua mpango wa utekelezaji (maelezo ya hatua injini inazopitia): kwa kawaida utakuta jedwali limesomwa mara tatu. Asiyeamini aweke ndani NEWID(), inayotoa kitambulisho kipya kila inapoitwa, kisha alitaje jina mara mbili. Mstari ule ule unaweza kurudi na vitambulisho viwili tofauti.

PostgreSQL ilikwenda njia nyingine. Kuanzia 8.4 ya mwaka 2009 mpaka toleo la 11, ulizo la WITH lilihesabiwa peke yake na kuhifadhiwa, utake usitake. Wengi hushangilia hapo, kumbe kuna ukuta: kichujio cha nje kilikuwa hakipenyi ndani. Ukiandika ndani SELECT * FROM marejesho, halafu nje WHERE tawi_id = 7, jedwali lote linasomwa na faharasa (index) ya tawi_id inakaa bure. Toleo la 12, mwaka 2019, likabadilisha mambo. Jina likitajwa mara moja, ulizo la kawaida linayeyushwa ndani ya lile kubwa. Likitajwa mara mbili au zaidi, linahesabiwa mara moja na kuhifadhiwa. Ukitaka kulazimisha, andika AS MATERIALIZED au AS NOT MATERIALIZED. Kwa hiyo ulizo lile lile, bila kuguswa herufi, linaweza kubadilika mwendo siku mnapohamia seva mpya.

Basi kabla ya kubishana nami, endesha EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri ya PostgreSQL ya kuonyesha mpango huo. CTE ndilo jina la kitaalamu la ulizo la WITH: ukiona CTE Scan, matokeo yamehifadhiwa, usipoiona, yameyeyushwa. Na tafadhali: ANALYZE hiyo inaliendesha ulizo kwelikweli. Kama ni DELETE, anza na BEGIN na umalize na ROLLBACK, inayotengua mabadiliko.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi hata hakuna haja ya kulitaja jina mara mbili. Mtu anataka jumla ya kila tawi kando ya jumla kuu, anajenga WITH na kuisoma mara mbili. Hii inatosha:

SELECT tawi_id, SUM(kiasi) AS ya_tawi,
  SUM(SUM(kiasi)) OVER () AS jumla_kuu
FROM marejesho
WHERE hali = 'imethibitishwa'
GROUP BY tawi_id;

Jedwali linasomwa mara moja, na kichujio kiko mahali pamoja. Inafanya kazi PostgreSQL, SQL Server na MySQL kuanzia 8.0.

Mengine nayataja haraka.

"Nikinakili ulizo lile lile mara tatu, injini itagundua." PostgreSQL haigundui, italipanga na kuliendesha kila moja kivyake. Baya zaidi, mwezi ujao mtu atarekebisha kichujio sehemu mbili na kuisahau ya tatu, na hesabu za bodi hazitalingana.

"Jina nililoipa safu kwenye SELECT nitalitumia kwenye WHERE." Hapana. WHERE inatangulia, jina hilo bado halijazaliwa. Fungia hesabu kwenye ulizo la ndani, uchuje nje.

"VIEW inahifadhi matokeo." Inahifadhi maandishi ya ulizo, basi. Inayohifadhi ni MATERIALIZED VIEW, ambayo PostgreSQL inayo tangu 9.3, na data yake inabaki ya zamani mpaka uendeshe REFRESH.

"Jedwali la muda (temporary table) ni bora siku zote." Ni bora pale amri kadhaa zinapohitaji matokeo yale yale, maana WITH inakufa na amri yake. Lakini MySQL haikuruhusu kulitaja jedwali la muda mara mbili ndani ya ulizo moja. Na PostgreSQL, autovacuum (kazi ya nyuma ya pazia inayosasisha takwimu za majedwali) haiyafikii majedwali hayo kabisa: ukishalijaza, endesha ANALYZE mwenyewe kabla ya kuliunganisha na lingine, la sivyo injini itapanga kwa kubahatisha idadi ya mistari.