Geuza Jani Kabla ya Kwenda Duka la Pembejeo

Kwenye banda letu la ushauri wa mimea, katika maonyesho ya wakulima ya Nanenane, mama mmoja alitoa mkobani tawi la nyanya lililofungwa gazetini. Alikuwa na miche sita nyuma ya nyumba, kwenye ndoo za rangi, na yote imedumaa: majani madogo, yamejikunja kwenda juu kama kijiko, kingo zimekuwa za njano, maua yanapukutika. Alishapuliza dawa ya ukungu mara tatu. Niligeuza jani. Upande wa chini ulikuwa umejaa watoto wa inzi weupe, wamegandamana kama magamba.

Hiyo ni rasta. Ni virusi, na inzi weupe ndio wanaoisambaza. Dawa ya ukungu haiwagusi wadudu hao wala virusi vyenyewe, na mche ukishaambukizwa hauponi. Ufunike kwa mfuko wa plastiki kwanza, ndipo uung'oe, la sivyo inzi watahamia kwa jirani yake. Miche mipya ioteshe ndani ya neti. Ukiwaona inzi mapema, puliza maji ya sabuni ya kipande au mafuta ya mwarobaini chini ya majani, jioni. Sabuni ya unga huunguza majani. Hata hiyo ya kipande, ijaribu kwenye majani mawili na usubiri hadi kesho yake.

Siyo kila jani lililojikunja ni rasta, lakini. Jua kali likipiga, majani ya chini hujiviringisha, yakawa magumu kidogo, huku mche ukiendelea kukua na kuzaa. Huo mche uache.

Kwa hiyo tazama tatizo limeanzia wapi. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yakianzia majani ya chini na kupanda juu, ni ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani tangulia. Kata majani hayo, tandaza nyasi kavu ili matone ya maji yasirushe udongo juu, na mwagilia shinani. Bakajani chelewa ndiyo ya kuogopa. Hupenda baridi na unyevu wa mahali kama Lushoto au Njombe. Madoa yake huonekana kama yameloweshwa maji, na asubuhi utakuta utando mweupe chini ya jani. Ndani ya siku chache mche mzima unakuwa mweusi. Dawa zenye mrututu au mankozebu huzuia tu, hivyo hupulizwa kabla ugonjwa haujashika.

Jani lenye mabaka yaliyopauka liinue kuelekea jua. Ukiona njia ndani yake, vinyesi vyeusi na kiwavi kidogo, huyo ni kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Amezoea sumu nyingi, ndiyo maana kwa miche michache nashauri vidole: chuma majani hayo, yafungie kwenye mfuko mweusi, uache juani. Vidoa vidogo vya njano pamoja na utando kama wa buibui ni utitiri. Gongagonga jani juu ya karatasi nyeupe uone vinukta vikitembea.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache tu, na uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, na udongo ule usiupandie tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.

Nikiri pia kwamba majani mengi ya njano tunayoletewa hayana ugonjwa wowote. Ndoo haikutobolewa chini na mizizi inaoza, au mtu kaweka mbolea ya kuku mbichi.

Ukilazimika kununua dawa, nunua yenye lebo na iliyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, siyo ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma, maana nyanya ya nyumbani huliwa siku hiyohiyo.

Na ukija kwetu, usilete jani moja lililokauka. Leta tawi lililokatwa asubuhi, lenye majani mabovu na mazima, na utuambie ulipuliza nini, lini.